Waliomtaja Biasha

Katika mtaa wa Mtanda, mjini Lindi, harusi haikuanza kwa ngoma wala kwa pilau. Ilianza kwa Biasha kubisha hodi. Yeye ndiye aliyekuwa mwalishi, mtu anayetumwa na wenye shughuli kupita nyumba kwa nyumba kualika watu, na kazi hiyo aliifanya miaka kumi na minane bila kuandika jina hata moja. Alijifunga khanga mpya, akasema bismillahi kizingitini pake, akashika njia hadi nyumba ya kwanza. Pale hakualika tu akaondoka. Aliuliza, "Na nyie, mnashirikiana na nani?" Wakimtajia nyumba tatu, alikwenda zote tatu, na huko nako akauliza vilevile. Hivyo ndivyo alivyofika hadi kwenye vibanda vya uchochoroni ambavyo hata mwenyekiti wa mtaa hakujua kama vina watu, na siku ya shughuli hapakuwa na mtu wa kununa kwamba amesahauliwa.

Lakini mwanamke huyu aliyejua mlango wa kila mtu hakujua mlango wa mdogo wake mwenyewe.

Sada, mdogo wake, aliolewa akaenda Maskati mwaka wa themanini na nne, enzi ambazo ukoo mzima ulikuwa bado Somanga, kando ya barabara iendayo Dar es Salaam. Barua zake zilifikia kwenye duka moja la pale kijijini. Biasha hakujua kusoma, kwa hiyo mwenye duka ndiye aliyemsomea na ndiye aliyemjibia. Kisha mwenye duka akahama. Biasha naye akamfuata mumewe Lindi, na barua zikakatika kama uzi uliokatwa kwa meno. Mume akafariki, Mungu amrehemu. Miaka ishirini ikapita. Kila baada ya sala ya alfajiri Biasha aliinua mikono kwa dua ile ile: "Ya Rabi, usinichukue kabla sijaisikia sauti ya Sada."

Alipotimiza miaka hamsini na sita alijiunga na darasa la jioni la watu wazima, akakunja magoti yake kwenye dawati la watoto. Mwalimu akamuuliza, "Mama, unataka kujifunza kusoma nini hasa?" Akajibu, "Anwani."

Sasa ilikuwa mwaka wa elfu mbili na saba. Jengo lililokuwa duka la ushirika, pale watu walipopanga foleni ya sukari miaka ile ya dhiki, lilikuwa limekodishwa na Xaveri, Mmakonde kutoka Newala, naye akaweka humo kompyuta nne zenye intaneti. Mkwe wa Biasha, Abilahi, aliyemwoa binti yake Mwanasha, alikuwa mwalimu wa shule na mtu mwenye bidii. Alikaa dukani kwa Xaveri jioni kumi na nne mfululizo, akatengeneza ukurasa wa kumtafuta Sada dunia nzima. Siku alipoumaliza, Mwanasha aliusoma akalia kwa uzuri wa maneno yake. Biasha alisujudu sijda ya shukrani.

Miezi minne ikapita. Kimya.

"Twendeni," Biasha akasema Jumamosi moja baada ya adhuhuri. "Nataka kuuona huo ukurasa kwa macho yangu."

Msomaji lazima aelewe jambo moja kuhusu familia hii. Abilahi alilelewa kwenye heshima ya ukwe, ile ya kale isiyo na punguzo. Hakuketi mkeka mmoja na mama mkwe wake. Hakumtazama usoni. Maneno yote kati yao yalipitia kwa Mwanasha, hata wakiwa hatua tatu tu. Ndivyo walivyoingia dukani: Biasha mbele, Abilahi nyuma kabisa akiangalia sakafu, Mwanasha katikati kama daraja.

"Mwalishi!" Xaveri akapiga kelele. Yeye na Biasha walikuwa wamefanyana watani tangu siku ya kwanza kukutana. "Umekuja kunialika, au umekuja kuninyang'anya mke?"

"Nani akunyang'anye mke, Xaveri? Mwenyewe kila siku ananiuliza kama kweli aliolewa."

Wateja wawili wakacheka. Biasha akaketi mbele ya kompyuta, akaupa mgongo upande wa mkwewe kama desturi ilivyotaka.

"Mwanasha, mwambie mumeo nashukuru kwa kazi yake. Ila nauliza, mbona Sada haioni?"

"Baba Sofia, mama anasema..."

"Nimesikia," Abilahi akajibu kwa upole. "Mwambie mama ukurasa upo. Sikuacha kitu."

"Mwambie sijasema haupo."

"Mama anasema hajasema haupo."

"Jamani!" Xaveri akashika kichwa. "Mko chumba kimoja, mnapelekeana salamu kama mko ng'ambo mbili za bahari! Ngoja niutafute kama Sada mwenyewe angeutafuta. Jina lako kamili, mwalishi?"

"Biasha binti Alfani. Wa Somanga."

Xaveri akaandika. Kioo kikajaa orodha ndefu. Akaipekua ukurasa baada ya ukurasa. Wa kwao haukuwemo. Abilahi, kule nyuma, akafuta jasho kwa leso.

"Hebu nifahamishe," Biasha akasema. "Huo mtambo unaotafuta unajuaje nani yuko wapi? Unatoka mbio sasa hivi kuzunguka dunia?"

"Hapana. Mzunguko ulishafanyika. Kuna kitu wanakiita buibui, programu inayotembea tu usiku na mchana. Inaingia ukurasa mmoja, inasoma, inaangalia ukurasa ule umeelekeza kurasa gani nyingine, inazifuata. Huko nako inasoma, inafuata."

Biasha akapiga goti lake. "Inauliza, 'Na nyie, mnashirikiana na nani?'"

"Haswa! Halafu kila ilichosoma inakipanga kwenye daftari kubwa. Si kwa kurasa, bali kwa maneno. Neno hili, limo kwenye kurasa hizi na hizi."

"Kama kichwa changu," akasema Biasha, na uso wake ukang'aa. "Ukiniuliza nani ana sufuria la kupikia watu mia, sianzi kuhesabu milango kutoka mwanzo wa mtaa. Ninalo fungu la masufuria humu ndani. Nalifungua tu: Mama Romani, Bi Mwanaima, basi. Na nyumba ambayo sikulisikia sufuria lake likitajwa haimo kwenye fungu, hata kama inalo sufuria kubwa kuliko yote." Akageukia kioo. "Fungua huo ukurasa wetu. Niusome."

Xaveri akaufungua. Biasha akaweka kidole juu ya kioo, akaanza kusoma kwa sauti, polepole, neno kwa neno, kama alivyofundishwa jioni zile.

"'Familia yetu... inamtafuta... mama yetu mdogo, aliyesafiri zamani. Dada yake, yaani mama yetu mpendwa, mzazi wa mke wangu, yu hai na ana afya njema... Mama huyu mtukufu anamkumbuka mdogo wake, ambaye naye ni mama kwetu, tangu walipokuwa pamoja kule kwao...'"

Alifika mwisho. Akarudi juu. Kidole kikashuka tena mstari kwa mstari, sasa kikitafuta.

"Mwanasha," akasema, "mwambie mumeo ameandika vizuri sana. Kisha muulize: mimi nimo wapi humu?"

Mwanasha akainama karibu na kioo. Akasoma. Akajiziba mdomo kwa ncha ya mtandio, na mabega yakaanza kumcheza.

"Baba Sofia! Hukuandika jina la mama!"

"Ningeliandikaje?" Abilahi akauliza, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilipanda. "Ni mama mkwe wangu!"

"Na la mama mdogo?"

"Naye si mama mkwe? Ndugu wa mkwe ni mkwe."

"Na Somanga?"

"Hapo..." Abilahi akafikiri. "Hapo niliona 'kule kwao' inatosha. Sisi sote tunajua ni wapi."

Xaveri alicheka hadi akashika meza. Wale wateja wawili walicheka. Biasha mwenyewe alicheka machozi yakamtoka, kicheko cha mtu aliyesubiri miezi minne akaona kumbe dua yake ilizuiwa na adabu. Mtu aliyesoma vyuo viwili ametangaza duniani kote kwamba mama fulani anamtafuta mama fulani aliyeondoka mahali fulani.

"Msimcheke mkwe wangu," akasema alipopata pumzi. "Heshima yake ni kwangu. Mwanasha, mwambie asifute neno hata moja. Ila mimi si mkwe wa mtu yeyote humu kwenye kompyuta. Jina langu nitaliandika mwenyewe."

Akaliandika kwa kidole kimoja, akivitafuta vitufe kama mtu anayechambua mchele. Biasha binti Alfani. Chini yake, Sada binti Alfani. Chini yake, Somanga. Alikuwa hajawahi kuliandika jina lake nje ya daftari la shule. Alipomaliza, kidole kikabaki hewani.

"Kuna nini, mama?" Mwanasha akauliza.

"Nawaza Sada ataniita vipi. Anayetafuta hutafuta kwa lile analolijua. Sada haijui Mtanda. Hajui kama mimi ni mjane." Kisha akaandika sentensi yake ya kwanza katika maisha kwa ajili ya mtu aliye mbali: *Nyumba yetu ilikuwa ile yenye mnazi wa vichwa viwili, karibu na kisima.*

Buibui akachukua siku tisa kurudi. Siku ya kumi Xaveri alitafuta tena, na ukurasa ukaonekana. Lakini, ee Mungu, mbali! Kila alipoandika Somanga, mbele zilikuja kurasa za gesi asilia na bomba lake lipitalo pale, kisha ratiba za mabasi, kisha gesi tena. Biasha alikuwa kwenye ukurasa wa sita wa orodha.

"Nani atapekua hadi wa sita?" Xaveri akasema. "Mtu akishiba sahani ya kwanza hatafuti ya sita. Lakini usihofu, mtani. Ninayo dawa. Naandika 'Biasha Somanga' mara mia tatu chini ya ukurasa, herufi nyeupe juu ya weupe. Watu hawataziona, mtambo utaziona. Au natengeneza kurasa kumi za uongo, zote zinakutaja."

"Yaani nijialike mwenyewe, kisha nibadilishe khanga kumi nijialike tena?"

"Wengi wanafanya."

"Na wakijulikana?"

Xaveri akakuna shingo. "Mtambo ukigundua unawatupa nje."

"Aliyejialika hukaa karibu na mlango, Xaveri, na ndiye wa kwanza kutolewa. Siwezi kumwomba Mungu alfajiri, adhuhuri nikaenda kudanganya. Niambie kweli: mtambo unamweka nani mkeka wa mbele?"

"Kwanza mwenye maneno yanayotafutwa. Halafu, kati ya hao, yule anayetajwa na kurasa za watu wengine. Na si wingi tu. Ukitajwa na ukurasa ambao wenyewe unatajwa na wengi, kutaja kwake kuna uzito."

"Sasa umesema!" Biasha akasimama. "Mtu akiniambia mpishi mzuri ni fulani, huwa najiuliza kwanza: wewe unayesema, umesifiwa na nani? Neno la mpishi mkuu mmoja ni zaidi ya maneno ya walaji ishirini. Nipe nyumba zenye kurasa, kuanzia hapa mpaka Kilwa."

Xaveri akahesabu kwa vidole. Parokia. Shule moja ya sekondari Mingoyo. Nyumba ya wageni ya Mikaeli, Kilwa Masoko. Umoja wa watu wa Lindi waishio nchi za nje.

"Nne tu?" Biasha akasema. "Hiyo ni kazi ya kabla ya chai."

Haikuwa ya kabla ya chai. Ilimchukua wiki tatu. Lakini alijifunga khanga mpya, akasema bismillahi, akaanza.

Ofisini parokiani alimkuta Devota, katibu, ambaye harusi yake ya kanisani Biasha ndiye aliyeialikia mtaa mzima, Waislamu na Wakristo.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Leo nakualika wewe unitaje."

Alipokwisha kueleza, Devota alifuta macho. "Mama, nitaandika leo hii. Ukurasa wetu unatajwa na marafiki wa parokia hadi Ulaya. Na nitakuombea kwa Mtakatifu Antoni. Kwetu yeye ndiye anayeombwa kwa vilivyopotea."

"Kumbe nanyi mnao mtambo wa kutafuta!"

"Tunao, mama, na hauhitaji umeme!"

Wakacheka wakashikana mikono. Devota hakuandika kwa kumpendeza mtu. Aliandika lililo kweli: kwamba mama huyu ndiye aliyekusanya watu wa dini zote kwenye harusi yake, na sasa anamtafuta mdogo wake, na habari zake zipo hapa, akaweka kiungo. Mingoyo, mwalimu Anjelina aliwapa wanafunzi kazi ya kuandika habari ya ndugu waliopoteana, nao wakauelekeza ukurasa ule.

Mikaeli wa Kilwa Masoko ndiye aliyekuwa mgumu.

"Mama, wageni wangu wanatafuta magofu. Hawatafuti dada za watu."

"Wanapitia wapi wakija kwako?"

"Barabara kuu. Nangurukuru. Kabla ya hapo Somanga."

"Na hapo Somanga wanaona nini?"

"Hamna. Samaki wa kukaanga."

"Basi wape cha kutazama. Waambie palikuwa na mnazi wa vichwa viwili, na wasichana wawili waliogombea kila mmoja kichwa chake. Safari isiyo na kisa ni mzigo tu, Mikaeli, hata gari likiwa zuri."

Mikaeli akamtazama mama huyu aliyesafiri kwa basi tangu alfajiri. Akavuta kiti, akaandika.

Nyumba ya nne Biasha hakuifikia kwa miguu. Watu wa umoja ule wa nje waliiona habari kwenye ukurasa wa parokia wakaichukua wenyewe, na baada yao wengine ambao hakuna hata mmoja aliyewajua. Ndivyo mwaliko mzuri unavyokwenda: unapeleka nyumba kumi, nyumba ya hamsini inakuja.

Kila Jumamosi Xaveri alitafuta. Ukurasa wa nne wa orodha. Wa pili. Kisha wa kwanza kabisa, nafasi ya pili kutoka juu!

"Gesi moja bado iko mbele yako," akasema kwa uchungu.

"Iache. Gesi inatajwa na serikali, mimi nina parokia na Mikaeli. Nafasi ya pili si aibu."

Ijumaa iliyofuata, baada ya alasiri, Biasha akiwa amekaa kwenye mswala akivuta tasbihi, alisikia hodi ya kishindo. Alikuwa Xaveri, anahema, karatasi ya barua pepe mkononi, duka lake ameliacha wazi.

"Leo mwalishi ni mimi!" akasema. "Pokea mwaliko wako."

Mwanasha akanyoosha mkono ili amsomee mama yake. Biasha akaisogeza karatasi kifuani. "Hii," akasema, "ndiyo niliyokunjia magoti." Akaweka kidole.

"'Mimi ni Mwanahawa, binti wa Sada, naandika kutoka Maskati. Mama hajui kompyuta. Kila Ijumaa hunikalisha nimtafutie Somanga, nami hupata gesi. Leo akaniambia, jaribu mnazi wa vichwa viwili. Tumekuona. Mama analia, hawezi kusema. Anasema nikuulize jambo moja ili tuwe na hakika: yule mbuzi aliyeanguka kisimani, nani alimfungulia kamba?'"

Biasha aliruka kutoka kwenye mswala kama msichana. "Ni yeye! Alimfungulia yeye, nikachapwa mimi!"

Mwishoni mwa barua palikuwa na namba ya simu. Xaveri akaipiga kwa simu yake, akamkabidhi, akageukia ukuta ili asionekane anafuta macho. Kwa mbali ikasikika pumzi ya mtu. Kisha sauti, nzito zaidi ya ile aliyoikumbuka, lakini ile ile:

"Dada, nisamehe. Mbuzi ni mimi."

Biasha akafungua mdomo. Mwalishi wa Mtanda, aliyejua la kusema mlangoni kwa kila mtu, alipata neno moja tu. "Karibu," akasema. "Karibu. Karibu."

Sada alisema atakuja baada ya Mfungo Mosi, mwezi unaofuata Ramadhani, na ikaamuliwa isomwe maulidi, wakaribishwe wote. Safari hii watu wakataka kadi, kama siku hizi. Abilahi akazichapisha dukani kwa Xaveri, kadi themanini, mapambo ya kijani pembeni, maneno mazuri kama kawaida yake. Akazileta nyumbani, akaketi mbali, macho sakafuni.

"Mwanasha," akasema, "mwambie mama nimeacha nafasi."

Kweli. Kila kadi iliandikwa, *Mnaalikwa kwenye maulidi ya shukrani nyumbani kwa*, kisha mstari mtupu, na chini yake, *kumkaribisha mdogo wake*, kisha mstari mwingine mtupu.

"Mwambie mumeo nimeiona," akajibu Biasha, akitabasamu upande wa ukutani. "Na mwambie Mungu amzidishie adabu, na sasa amezidishiwa na akili."

Akaomba kalamu. Akaandika majina yale mawili mara themanini, hakutaka msaada wa mtu. Ilipofika saa kumi alizifunga kadi kwenye ncha ya khanga, akasema bismillahi kizingitini pake, akaenda kubisha hodi nyumba ya kwanza.